Kipande cha Ardhi Kando ya Barabara: Maswali Manne Kabla ya Kulipa

Barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Malaba hupita katika kaunti yetu kupitia Burnt Forest, Eldoret na Turbo. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo huitumia usiku na mchana, na dereva huhitaji mafuta, chakula, choo, fundi wa pancha na mahali salama pa kulala. Ndiyo maana kila kipande kando ya barabara kinatamaniwa, na ndiyo maana wananchi huuziwa kisichouzika. Kabla ya kutoa pesa, uliza maswali manne.

Ardhi hii ni ya nani? Barabara haiishii mwisho wa lami. Pande zote mbili kuna hifadhi ya barabara, iliyotengwa kwa upanuzi, mitaro, mabomba na nyaya. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema barabara ni ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa huishikilia kwa niaba ya wananchi. Ardhi nyingine ya umma ambayo haijagawiwa hushikiliwa na kaunti. Zote mbili husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Hakuna mzee wa mtaa, dalali wala mwenyekiti wa soko anayeweza kukuuzia.

Unapewa karatasi gani? Risiti si hati. Kwenye hifadhi ya barabara kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 inataka idhini ya maandishi kutoka kwa mamlaka husika, ambayo hapa ni KeNHA. Ukijenga bila idhini hiyo, unaweza kupewa notisi ya kubomoa. Ukikaidi, mamlaka itabomoa na kukudai gharama. Nje ya hifadhi, Tume inaweza kutoa leseni ya kutumia ardhi ya umma ambayo haijagawiwa kwa muda usiozidi miaka 5. Mradi mkubwa, kama kituo cha mafuta chenye hoteli na maegesho ya malori, huhitaji mkataba wa kukodi wa muda mrefu zaidi. Muda ukiisha, ardhi hubaki ya umma.

Imetolewa hadharani? Sheria ya Ardhi ya 2012 inataja njia za kugawa ardhi ya umma. Miongoni mwake ni mnada wa hadhara, zabuni iliyotangazwa, kura ya hadhara, na maombi yanayotengewa kundi maalum ili wasiojiweza wapate nafasi. Ukiambiwa “harakisha, wengine wasijue”, hiyo si mojawapo.

Una ruhusa ya kujenga? Hata aliyekodi kihalali lazima apate idhini ya ujenzi kutoka kwa kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Idhini hiyo haikupi umiliki wa ardhi, wala leseni ya biashara unayolipia kila mwaka haikupi.

Anayepoteza zaidi ni mama wa kibanda aliyeweka akiba ya miaka kwenye mabati na mbao, kwa kuwa atakapobomolewa, aliyemuuzia hatapatikana. Kwa hivyo nenda kwanza kwa ofisi ya ardhi na mipango ya kaunti, uombe kuonyeshwa kwenye ramani mahali hifadhi ya barabara inapoishia. Swali lolote kati ya haya likikosa jibu la maandishi, usilipe.