Kunyonga baiskeli chini ya Monte Grappa

Wapanda baiskeli wengi wanaokwenda Bassano del Grappa, kaskazini mwa Italia, wana jambo moja kichwani: mlima. Monte Grappa una mita 1,775, unaonekana wazi ukiwa kituo cha treni, na barabara zake zimetumika mara kadhaa kwenye mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia. Mwongozo huu unakushauri uupe mlima siku moja tu. Siku nyingine zote zipe vilima vilivyo miguuni pake, kutoka Marostica upande wa magharibi hadi Asolo mashariki, ambako mji mmoja wa zama za kati hauko mbali na mwingine na barabara nyembamba zinapita katikati ya mashamba ya zabibu na michongoma.

Kwanza ya safari yenyewe. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipelekwe chini ya siku 15 kabla. Bima ya matibabu ya angalau euro 30,000 ni sharti. Kutoka Venezia panda treni ya mkoa. Inafika Bassano kwa zaidi kidogo ya saa moja. Baiskeli inaruhusiwa kwenye behewa lenye alama yake, kwa tiketi ya nyongeza ya euro chache.

Kusafirisha baiskeli yako kwa ndege ni gharama na ni wasiwasi. Bassano na miji jirani ina maduka ya kukodisha, na wenyeji wanazijua baiskeli vizuri: kampuni ya Wilier ilianzishwa hapo Bassano mwaka 1906, na Campagnolo, watengenezaji wa gia, walianza Vicenza mwaka 1933. Beba pedali na viatu vyako. Dai sproketi ya nyuma yenye meno 32 au 34, hata kama mwenye duka atakutazama miguu na kusema unaweza kufanya kazi na 28. Vilima vya huku ni vifupi lakini vingi vinavuka asilimia 10, na havitoi onyo.

Kabla ya kutoka dukani, jaribu breki ujue mkono upi unakamata gurudumu la mbele. Mpangilio unaweza kuwa kinyume cha ulichozoea. Kisha jikumbushe kwamba Italia inaendesha kulia. Barabarani utazoea upesi, lakini kwenye mzunguko wa magari ndipo mazoea ya nyumbani yanapomtia mtu hatarini: unaingia kwa kulia, na unawapisha wanaotoka kushoto kwako. Sheria pia inataka taa pamoja na kizibao cha kuakisi mwanga ndani ya mahandaki, na usiku ukiwa nje ya mji. Barabara namba 248, inayounganisha Vicenza, Marostica, Bassano na Montebelluna, ni ya malori. Ivuke, usiifuate.

Anza na Marostica, kilomita saba kutoka Bassano. Kuta zake za karne ya 14 zinapanda kilima kutoka ngome ya chini hadi ngome ya juu, na uwanja wa kati umechorwa ubao wa sataranji. Septemba ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, watu waliovaa mavazi ya kale hucheza hapo kama kete, kwa kisa cha mabwana wawili waliomgombea binti wa mtawala mwaka 1454. Kisa ni cha kubuni, tamasha ni la kweli, na vyumba vya kulala siku hizo havipatikani. Ukitoka hapo panda Crosara, pitia Salcedo na Fara Vicentino, shuka Breganze, urudi. Ni kilomita 45 hadi 50, mzunguko mzuri wa kuamsha miguu, wala hauhitaji maelezo zaidi.

Njia ya Asolo ndiyo iliyoniandikisha makala haya. Toka Bassano kwa Romano d'Ezzelino, fuata barabara ya miguuni mwa mlima kupitia Semonzo na Crespano. Ukiona watu wanaelea angani kwa parachuti juu ya Semonzo, usishangae. Huruka kutoka ubavuni mwa Grappa karibu kila siku yenye hewa nzuri. Possagno utaitambua kwa hekalu jeupe la mviringo juu ya mji, lililoanza kujengwa mwaka 1819 na mchongaji Antonio Canova, mzaliwa wa hapo. Funga baiskeli uingie kwenye makumbusho yake. Humo mna sanamu za plasta alizozitumia kama vielelezo kabla ya kuchonga marumaru. Sogea karibu: uso wa sanamu, mabega, hata mapaja, yote yamejaa vichwa vidogo vya misumari. Hizo zilikuwa alama za vipimo, ambazo mafundi wake walizihamishia kwenye jiwe.

Baada ya Possagno, pinda kusini kuelekea Castelcucco na Monfumo. Hapa hakuna tambarare hata ya kupumzikia. Unapanda mita mia tatu, unashuka mia mbili, unapanda tena, na kila kona ina nyumba, mti wa matunda na mbwa. Zabibu zinazolimwa vilima hivi ni za prosecco, divai ya povu. Ni kizibo cha chupa ya prosecco kilichompiga jichoni Biniam Girmay wa Eritrea jukwaani, baada ya kushinda hatua ya Giro mjini Jesi mwaka 2022, kikamtoa mashindanoni. Mlima haukumshinda, chupa ndiyo iliyomshinda.

Asolo imejibana juu ya kilima chini ya ngome yake, Rocca. Mwaka 1489 Venezia ilipoitwaa Kipro, malkia wake Caterina Cornaro, mwenyewe binti wa Venezia, alipewa mji huu kama fidia. Mtu wa pwani yetu mwenye asili ya Hadhramaut ana sababu nyingine ya kusimama: Freya Stark, aliyesafiri Hadhramaut miaka ya 1930 na kuiandikia vitabu, aliishi Asolo na amezikwa kwenye makaburi ya Sant'Anna. Mvua ikinyesha, shuka mitaa ya mawe kwa miguu. Tairi nyembamba haina urafiki na jiwe lililolowa. Rudi kwa San Zenone degli Ezzelini, ambako mwaka 1260 ukoo wa Ezzelini uliotikisa eneo hili uliangamizwa, mtoto kwa mkubwa. Jumla ni kilomita 55 hivi.

Sasa mlima. Wasio na haraka wapande kutoka Romano d'Ezzelino kwa barabara ya Cadorna, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: kilomita 26 hivi, ndefu lakini ya kistaarabu. Ya Semonzo ina kilomita 18 kwa wastani wa asilimia 8. Mwaka 2024 waendeshaji wa Giro waliipanda mara mbili siku moja, na Tadej Pogačar akashinda mjini Bassano. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa dunia Kigali. Juu kabisa kuna makaburi ya vita ya mwaka 1935 yenye mabaki ya askari zaidi ya 22,000 wa pande zote mbili. Acha baiskeli chini, vua kofia, punguza sauti. Kileleni huwa na baridi zaidi ya mjini kwa nyuzi 10 hivi, na jasho litakugandia wakati wa kushuka. Koti la upepo ni lazima hata Julai. Majira ya baridi theluji hufunga barabara za juu.

Kuhusu chakula, majiko ya mikahawa mingi hufunguliwa saa sita na nusu mchana na kufungwa saa nane au nane na nusu. Ukichelewa utaambulia mkate na kahawa. Polenta ni ugali wa mahindi, laini kuliko wetu, na huliwa na jibini, uyoga au samaki mkavu. Aprili na Mei agiza asparaga nyeupe za Bassano kwa mayai. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, maana soseji ya kienyeji huingia hata kwenye sahani usiyoitegemea. Bomba la maji barabarani lenye maandishi "non potabile" si la kunywa.

Nenda Mei au Septemba. Agosti ni joto na mikahawa mingine huwa likizoni. Na kama ratiba yako inakubali siku moja tu, fuata njia ya Possagno na Monfumo hadi Asolo, uondoke Bassano si baada ya saa mbili asubuhi.