Kobe Aliyekataa Kula: Somo la Kumtunza Mnyama na Kumlinda Mtoto

Malengo ya somo: baada ya kusoma makala haya, msomaji aweze kueleza kwa nini kobe aliyeletwa nyumbani hukataa chakula, ajue hatua za kuchukua, na atambue hatari ya kiafya inayowakabili watoto wanaoishi naye.

Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mwanafunzi wa Masuguru, katika eneo la Handeni na Korogwe, anamwona kobe kando ya shamba la mahindi. Anambeba hadi nyumbani na kumweka ndani ya beseni, chini ya meza ya jikoni. Anapewa ugali, kabichi na maziwa. Siku ya nne bado hajala kitu. Ameingiza kichwa ndani ya gamba na hatoki. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapopita, mama mwenye nyumba anamuuliza: "Mwanangu, huyu anaumwa nini?" Wakati huohuo mtoto wa miezi tisa anatambaa kwenye sakafu ileile, na mkono wake uko kinywani.

Mhudumu ameulizwa habari za mmoja, lakini anaopaswa kuwaangalia ni wawili.

Kwa nini hali?

Mara nyingi kobe mgeni asiyekula hana ugonjwa. Zipo sababu nne zinazopaswa kuchunguzwa kwanza.

Ya kwanza ni joto. Kobe hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Hulipata kutoka kwenye jua na ardhi. Mwili wake ukipoa, matumbo hupunguza kazi na hamu ya kula hutoweka. Chini ya meza ya jikoni hakuna jua la kuota.

Ya pili ni hofu. Kunyanyuliwa, kugeuzwa na kushikwashikwa na watoto ni kwake sawa na kukamatwa na adui. Anayeogopa hujificha, na anayejificha hali.

Ya tatu ni maji. Kobe huhifadhi maji katika kibofu chake, na akinyanyuliwa kwa ghafla huweza kuyamwaga yote. Watoto hucheka wakidhani ni ukorofi, kumbe amepoteza akiba yake ya kiangazi.

Ya nne ni chakula chenyewe. Kobe mwenye madoadoa anayeonekana katika nyika zetu hula majani, nyasi, mimea yenye utomvu na matunda yaliyoanguka. Nyuzinyuzi za nyasi huchachushwa na vijidudu vilivyo katika utumbo wake mpana. Ugali, mkate, wali, nyama na maziwa si chakula chake. Hata akivila, huvuruga vijidudu hivyo na kumletea kuhara.

Nini kifanyike?

Asilazimishwe kula. Kumfungua mdomo kwa nguvu humjeruhi, na chakula kinaweza kuingia katika njia ya hewa. Awekwe nje, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia, mbali na mbwa na siafu. Awekwe katika karai lenye maji ya vuguvugu yasiyofika kidevuni kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Wengi hunywa papo hapo. Kisha majani na nyasi mbichi ziwekwe chini, na watu waondoke.

Kobe mzima mwenye afya aweza kukaa majuma kadhaa bila kula. Kobe mchanga hawezi kuvumilia kiasi hicho. Zipo dalili za ugonjwa wa kweli: kamasi puani, kupumua kwa mdomo wazi, macho yaliyovimba au kudidimia, gamba laini kwa kobe mkubwa, na kulegea miguu. Mwenye dalili hizo aonwe na daktari wa mifugo.

Lakini tiba iliyo bora kwa kobe aliyeokotwa jana ni kumrudisha palepale alipookotwa. Analijua eneo lake: penye maji, penye majani na penye maficho. Tena sheria ndivyo inavyotaka. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inawahesabu wanyamapori wote wa Tanzania kuwa mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais. Kukamata au kumiliki mmoja wao kwahitaji kibali. Ikiwa amekaa muda mrefu nyumbani, amechanganyika na wanyama wengine au mahali alipotoka hapajulikani, aulizwe kwanza afisa wanyamapori wa wilaya, maana kobe mgonjwa aweza kuwaambukiza wenzake porini.

Hatari kwa binadamu

Kobe, kinyonga, kenge na nyoka hubeba bakteria wa salmonela katika matumbo yao bila kuugua. Huwatoa kwa vipindi. Kwa hiyo kinyesi kilichopimwa leo na kuonekana safi si ushahidi wa kesho. Bakteria hao huganda kwenye gamba, huenea sakafuni na kuingia kinywani kwa njia ya mikono. Mtoto aweza kuambukizwa bila kumgusa mnyama mwenyewe. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa na kobe wenye gamba lisilofikia inchi 4, yaani takriban sentimita 10, kwa sababu watoto waliwatia kinywani na kuugua.

Walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka mitano, wazee, wanaoishi na VVU na wenye selimundu, ambao salmonela huweza kuwashambulia hata mifupa. Watoto wenye malaria nao wamo. Utafiti uliofanywa Muheza, jirani zetu, kati ya mwaka 2006 na 2010 ulionyesha kwamba malaria ilipopungua, maambukizi ya salmonela katika damu ya watoto yalipungua pia. Hatusemi kwamba maambukizi hayo yalitoka kwa kobe. Tunasema kwamba mtoto aliyedhoofishwa na malaria hana ngao ya kutosha, na haifai kumwongezea mlango mwingine wa maradhi.

Kwa mhudumu wa afya

Mtoto anapoletwa na homa na kuhara, uliza pia: "Nyumbani kuna mnyama gani?" Pima malaria, lakini kipimo kikionyesha malaria kwa mtoto aliyepungukiwa sana damu au aliyelegea, usiache kuwazia maambukizi ya bakteria. Kipimo cha Widal hakitoshi kuthibitisha wala kukanusha salmonela. Kuhara kwa kawaida hutibiwa kwa maji ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kila siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, huku akiendelea kunyonya na kula. Kinyesi chenye damu, degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kulegea ni dalili za kumpeleka mtoto kituoni bila kuchelewa.

Kwa familia, kanuni ni chache. Mnyama asiingie jikoni. Beseni lake lisioshewe vyombo wala mtoto, na maji yake yasimwagwe mahali pa kuoshea vyombo. Kila aliyemgusa anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asimbusu, na mtoto chini ya miaka mitano asimshike kabisa.

Kwa wasomaji walio ughaibuni

Ndugu zetu wa Ulaya na Marekani hununua iguana, mjusi mla majani mwenye asili ya Amerika. Naye akigoma kula, maswali ni yaleyale: joto, hofu, maji na chakula. Liongezwe la tano, mwanga. Kioo cha dirisha huzuia miale ya urujuanimno inayotengeneza vitamini D, na iguana asiyeipata mifupa yake hulainika, kama mtoto anavyopata matege. Huyo ahitaji taa maalumu na daktari wa wanyama, na kanuni za kunawa mikono hazibadiliki.

Maswali ya kujipima

1. Taja sababu nne zinazomfanya kobe mgeni asile.
2. Kwa nini kipimo kimoja cha kinyesi cha kobe hakitoshi kuiondolea familia shaka?
3. Katika mfano wetu wa Masuguru, ni jambo gani ungelifanya kabla ya kulijibu swali la mama?

Jibu la swali la tatu: kumwinua mtoto sakafuni na kumnawisha mikono.