Saa Moja ya Ndege: Mafunzo Niliyopata Safarini Kutoka Newala

Vijana wa Newala na Masasi hunijia na swali: Dar ni mbali kiasi gani kwa ndege? Wengine wana barua ya chuo mkononi, wengine wanafikiria kwenda Muscat kupitia Dar. Kutoka Mtwara ni saa moja hivi, lakini jibu hilo peke yake halitoshi kupangia safari, na nisingependa mtu akose nafasi yake kwa sababu hiyo.

1. Saa ya ndege huanza kuhesabiwa uwanjani

Mara ya kwanza nilipopanda ndege Mtwara, nilikuwa bado natafuna korosho nilizofungiwa nyumbani kwenye kipande cha gazeti, mara rubani akatangaza kwamba tunashuka Dar. Nilibaki nimeshika kile kipande cha gazeti, siamini. Newala nilikuwa nimeondoka gizani kwa basi, tukapita Tandahimba na Nanyamba, karibu kilomita 140, sehemu kubwa vumbi tupu. Ndege ilimaliza karibu kilomita 400 za angani kwa muda ambao basi letu lilikuwa bado halijafika Nanyamba.

Basi, mwanangu, hesabu kuanzia mlangoni kwenu. Weka safari ya kushuka Mtwara, kupima mizigo, na foleni ya Dar ukishatua. Wa Masasi ana hesabu nyingine. Akifika njia panda ya Mnazi Mmoja, kulia ni Mtwara, kushoto ni Lindi na Dar. Akifuata ndege, anazidi kujitenga na Dar kwanza ndipo aruke. Akiwa na muda na mizigo mingi, mimi humshauri asishuke kwenye basi lake.

2. Jicho halipimi barabara

Nilimpeleka mgeni Shimo la Mungu, pale Newala uwanda unapokatika ghafla. Bonde la Ruvuma lilikuwa limelala chini yetu, na ng'ambo yake Msumbiji. Akauliza kama tunaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nikamweleza njia ya gari: kushuka Masasi, kwenda Mangaka, kisha kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Alinyamaza, akatazama tena bondeni.

Umbali wa angani ni mstari ulionyooka. Ukitajiwa kilomita, uliza kwanza ni za ndege au za barabara.

3. Mvua ina ratiba yake

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji tuliuvuka kwa kivuko cha Ndundu, na hakuna aliyethubutu kutaja saa ya kufika Dar. Daraja lilipokuja, wengi tuliona hadithi ile imekwisha. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vikaikata barabara ya Lindi kule Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Nilishangazwa na jinsi kusini nzima ilivyogeuka kisiwa ghafla, wakati ramani ilikuwa ile ile.

Masika, mwenye usaili Dar Jumatatu na aondoke Newala Ijumaa. Tena awe na nauli ya ndege pembeni, hata kama tiketi ya basi ameshaikata.