Kamera kwa Shule ya Mlimani: Somo la Mwanga, Lenzi na Fedha Chache

Katika miamba yenye kivuli ya milima ya Usambara huota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Mnamo mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, mjini Hannover, akaupa jina la Saintpaulia ionantha. Leo mmea huo hupandwa vyunguni madirishani mwa nyumba za dunia nzima. Lakini huku kwao msituni baadhi ya aina zake zimebaki mahali pachache na padogo. Aina moja, shumensis, ilipewa jina lake kutokana na Shume, kaskazini ya Lushoto. Wataalamu wa siku hizi wameuhamishia mmea huu katika jenasi ya Streptocarpus, ingawa jina la zamani lingali vinywani mwa watu.

Mwanafunzi akutanapo na mmea wa namna hii hapaswi kuung'oa. Zamani ushahidi wa mtafiti ulikuwa mmea wenyewe, uliobanwa katikati ya karatasi na kukaushwa, na mikusanyo ya aina hiyo ingaliko, ukiwamo ule wa Lushoto chini ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania. Lakini mmea uliokaushwa hupoteza rangi, na mmea uliong'olewa haupo tena. Picha nzuri huweza kuwa ushahidi wa kutosha kwa mambo mengi, mradi ionyeshe kile mtaalamu anachokitafuta. Kwa Saintpaulia jambo hilo ni vinyweleo vya jani: urefu wake, na kama vimesimama wima au vimelala. Picha inayoonyesha ua zuri na jani lenye ukungu wa kijani haina faida kwa mtaalamu, hata ikiwa imepigwa kwa kamera ya bei kubwa.

Ichukuliwe, basi, kwamba chama cha sayansi cha shule ya sekondari karibu na Lushoto kimechanga shilingi 600,000 ili kununua kamera ya dijiti. Fedha hizo zimepatikana kwa shida, wala hazitapatikana tena upesi. Kosa la kuchagua litadumu miaka mingi. Fizikia ya kidato cha tatu na cha nne yatosha kuliepusha kosa hilo.

Kihisi na pikseli

Mahali pa filamu ya zamani, kamera ya dijiti ina kibamba cha silikoni kiitwacho kihisi. Kihisi kimegawanyika katika vyumba vidogo mno, yaani pikseli, na kila chumba hukusanya chembe za mwanga na kuzigeuza kuwa chaji ya umeme inayopimwa na kuandikwa kwa tarakimu. Msingi wake uliwekwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell, Marekani, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kamera ya kwanza ya namna hii iliundwa na Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ilitoa picha ya pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja katika utepe wa kaseti.

Siku hizi wauzaji hutangaza pikseli kwa mamilioni, na mnunuzi hudhani kwamba nyingi zaidi ndizo bora zaidi. Hesabu ifuatayo itamtuliza. Picha iliyochapwa vizuri huhitaji pikseli 12 hivi kwa kila milimita. Picha ya milimita 100 kwa 150, ile ya kuweka katika albamu, itahitaji 1,200 mara 1,800, yaani pikseli 2,160,000. Ukurasa mzima wa A4 utahitaji milioni 9 hivi. Kamera ya pikseli milioni 10, ambayo wenye fedha waliitupa zamani, yatosha kwa bango la ukutani darasani. Tena, kuongeza pikseli kutoka milioni 10 hadi milioni 20 hakuongezi maradufu urefu wa mstari mmoja wa picha. Huuongeza mara 1.4 tu, kwa kuwa eneo hukua kwa mraba.

Lililo kubwa zaidi ni ukubwa wa kihisi chenyewe. Kamera nyingi ndogo za mfukoni zina kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, sawa na milimita za mraba 28. Kamera za kubadilisha lenzi za daraja la kati zina kihisi cha 23.5 kwa 15.6, sawa na milimita za mraba 367, yaani mara 13. Ikiwa kile kidogo kimegawanywa katika pikseli milioni 20, kila pikseli ina upana wa mikromita 1.2. Ikiwa kile kikubwa kimegawanywa katika milioni 24, kila pikseli ina upana wa mikromita 3.9, na eneo lake ni mara 11 ya ile ndogo.

Tofauti hii huonekana gizani. Chembe za mwanga huanguka kama matone ya mvua ya rasharasha: hata vyombo viwili vilivyo sawa havipati idadi ileile. Chombo kilichopata matone 10,000 hutofautiana na jirani yake kwa 100 hivi, ambayo ni kipeuo cha pili cha 10,000, yaani asilimia 1. Kilichopata 100 hutofautiana kwa 10, yaani asilimia 10. Asilimia hiyo ndiyo chenga anazoziona mtazamaji katika picha iliyopigwa jioni. Hakuna fundi awezaye kuziondoa kabisa, maana hazikutokana na ubovu wa kamera bali na tabia ya mwanga wenyewe.

Mwanga chini ya miti

Chini ya msitu mnene wa mvua hufika sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua, mara nyingi asilimia 1 au 2 tu. Wapiga picha wana kanuni ya kale: penye jua kali, lenzi ikiwekwa kwenye namba f/16 na hisia ya kihisi ikiwa ISO 100, kilango kifunguliwe kwa 1/100 ya sekunde. Namba hiyo ya f ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu la lenzi. Kwa hiyo namba inapopungua, tundu hupanuka, na mwanga huongezeka kwa mraba.

Chukua lenzi ya f/4. Kutoka 16 hadi 4 ni mara 4, na mraba wake ni 16. Penye jua kilango kingetosha kufunguliwa kwa 1/1,600 ya sekunde. Msituni mwanga ni asilimia 1, kwa hiyo muda huo uzidishwe mara 100, na jibu ni 1/16 ya sekunde. Mkono wa binadamu hautulii kwa muda huo. Lenzi ya f/5.6, ambayo ndiyo kawaida ya lenzi za bei nafuu zinapovutwa mpaka mwisho, itataka 1/8 ya sekunde. Lenzi isiyovutika ya f/1.8 itataka 1/79 tu. Kumbe namba hii ndogo iliyoandikwa kwenye ukingo wa lenzi, ambayo muuzaji haisemi, ina thamani kuliko mamilioni yote yaliyochapwa kwenye sanduku.

Mtu aweza kupandisha hisia hadi ISO 800 ili kupunguza muda mara 8. Lakini kufanya hivyo ni kukubali chembe chache zaidi za mwanga, na chenga nyingi zaidi. Ua halikimbii, njia bora ni kuituliza kamera. Stendi ya miguu mitatu hufaa, ila pale ambapo fedha haitoshi, mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage, zao ambalo Lushoto halikosekani, hulazwa juu ya jiwe na kamera ikalala juu yake imara.

Kazi tatu, vyombo vitatu

Kosa la kawaida ni kuuliza kamera ipi ni bora kabla ya kuuliza itafanya kazi gani. Chama kile cha sayansi chaweza kuwa na kazi tatu.

Ya kwanza ni kupiga picha za mabonde na matuta kutoka mahali palepale, tuseme kutoka Irente, kila mwaka katika mwezi uleule, ili kuona mmomonyoko wa udongo na mipaka ya msitu. Hapo mwanga ni tele na vitu viko mbali. Simu ya mwalimu yatosha. Linalotakiwa ni alama ya jiwe pa kusimama na daftari la tarehe. Kununua kamera kwa kazi hii ni kupoteza fedha.

Ya pili ni ndege. Sheppardia montana, ndege mdogo wa rangi ya kahawia anayepatikana Usambara Magharibi peke yake, huishi karibu na ardhi katika kivuli. Urefu wake ni sentimita 13 hivi. Akiwa mita 10 mbele ya lenzi yenye fokasi ya milimita 50, taswira yake juu ya kihisi itakuwa 50 mara 130 gawanya kwa 10,000, yaani milimita 0.65 tu. Kwa lenzi ya milimita 300 itakuwa milimita 3.9, lakini lenzi ya namna hiyo yenye tundu pana huzidi mara nyingi fedha za chama.

Muuzaji ataleta kamera ndogo yenye lenzi ndefu, na sandukuni pataandikwa milimita 1,100. Hapo pana ujanja. Fokasi halisi ni 200 hivi. Ile 1,100 ni ulinganisho na filamu ya zamani ya milimita 35. Tena mwanga ni mawimbi, na upitapo katika tundu hutawanyika, hata nukta moja ikawa duara. Kipenyo cha duara hilo ni 2.44 mara urefu wa wimbi mara namba ya f. Kwa mwanga wa kijani, mikromita 0.55, na f/5.6, duara lina mikromita 7.5. Likianguka juu ya pikseli za mikromita 1.2 litafunika sita kwa upana. Wingi wa pikseli hapo ni jina tu. Na ikiwa kamera inajisifu kwa kuvuta kwa njia ya dijiti, hiyo si lenzi kabisa. Ni kukata kipande cha katikati na kukikuza, jambo ambalo kompyuta ya shule yaweza kulifanya baadaye bila malipo. Kwa shilingi 600,000 ni heri ndege aachiwe darubini na daftari.

Ya tatu ni vinyweleo vya jani, na hapa kile kilicholaumiwa juu hugeuka kuwa msaada. Kamera ndogo ya mfukoni, kwa kuwa kihisi chake ni kidogo na fokasi yake ni fupi, mara nyingi huweza kukaribia kitu hadi sentimita chache, na huonyesha kina kirefu zaidi kwa uwazi: kinyweleo cha mbele na cha nyuma vyote huonekana. Kamera kubwa yenye lenzi yake ya kawaida haikaribii kiasi hicho. Huhitaji lenzi nyingine, na fedha nyingine. Kwa chama hiki, ambacho kazi yake kuu ni mimea, kamera ya mfukoni yenye kukaribia ndiyo ya kununua. Uamuzi huo ungekuwa kinyume kwa shule inayopiga picha za michezo au mahafali ya jioni.

Kununua na kutunza

Kamera za mfukoni hazitengenezwi sana tena, kwa sababu simu zimechukua nafasi yake. Kamera za dijiti zilizosafirishwa na makampuni ya chama cha watengenezaji cha Japani zilikuwa milioni 121 mwaka 2010, na chini ya milioni 9 mwaka 2023. Kwa hiyo mnunuzi mwenye fedha chache atakutana zaidi na vitu vilivyotumika. Avikague bila haya. Apige picha ya ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani na kutazama pembe nne kama herufi zinasomeka. Afunike lenzi, apige picha ya sekunde kadhaa, na kutafuta nukta nyeupe za pikseli mbovu. Amulike tochi ndani ya lenzi: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kamera hiyo irudishwe mara moja.

Kuvu ni adui mkubwa wa lenzi katika nchi ya ukungu. Humea pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 60 au 70 kwa muda mrefu, hasa kabatini gizani. Kamera ikae katika chombo cha mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika jeli, vinavyokaushwa mara kwa mara. Ikitolewa kwenye baridi ya Juni na kuingizwa jikoni penye joto, ibaki mfukoni mwake kwanza mpaka ipate joto, la sivyo mvuke utatonea ndani ya vioo.

Betri nayo isisahauliwe. Kamera ya zamani yenye betri ya umbo la pekee hufa siku betri hiyo inapokosekana madukani. Ile itumiayo betri za AA, zile za tochi na redio, huweza kulishwa Soni au Mombo. Afadhali kamera igharimu shilingi 420,000, na zilizobaki zinunue betri za kuchaji na chaja yake, kadi mbili za kumbukumbu na chombo cha kuhifadhia, kuliko kumaliza zote kwa kamera isiyo na kadi.

Jaribio

Mwanafunzi aweke rula mezani karibu na dirisha, asogeze kamera mpaka mahali pa karibu kabisa ambapo mistari ya milimita ingali wazi, apige picha. Ahesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo, kisha azigawanye kwa idadi ya pikseli za upana wa picha. Zikiwa milimita 40 na pikseli 4,000, kila pikseli imebeba milimita 0.01. Sasa arudie jaribio kwa simu na kwa kamera nyingine yoyote itakayopatikana, aandike matokeo katika jedwali, na aeleze ni ipi kati yake ingeweza kuonyesha kinyweleo chenye unene wa milimita 0.05 kwa pikseli zisizopungua tatu.