KUSAFISHA SHABA YA MANJANO: SOMO LA GANDA LA RISASI

Mnamo 1916 na 1917 kituo cha reli cha Mikese, mashariki ya mji wa Morogoro, kilikuwa ghala la majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakielekea Rufiji. Wajerumani waliopigana nayo walikuwa na upungufu wa risasi. Sehemu ya akiba yao ilitoka katika meli Rubens, iliyozama Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Risasi zilizoopolewa zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Ikabidi zifumuliwe, zisafishwe na kukaushwa kabla ya kujazwa tena. Je, ganda linalong'aa ni ganda zima?

Ganda la risasi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu, kadiri ya asilimia 70, na zinki, asilimia 30. Hewa na unyevu huifunika kwa oksidi nyeusi au kutu ya kijani. Asidi hafifu, kama ile ya ndimu au ukwaju, huunganika na oksidi hiyo kufanya chumvi inayoyeyuka majini. Lakini chuma hicho kikilowekwa kupita kiasi, zinki hutangulia kutoka, na uso hubaki na rangi ya waridi: dalili ya udhaifu.

Amonia ni hatari zaidi. Nayo hung'arisha shaba, lakini hupenya katika mipaka ya chembe za chuma kilichobaki na mkazo tangu kilipovutwa kiwandani. Huko India, maganda ya jeshi la Uingereza yalipasuka yenyewe ghalani majira ya mvua. Sababu ilikuwa amonia itokayo katika mkojo wa farasi. Dawa yake ni kulipasha ganda moto wa kadiri kiwandani ili kuondoa mkazo.

Zoezi: Chukua kipande cha bomba kuukuu la shaba ya manjano. Kitie katika maji ya ndimu kwa dakika kumi, kisuuze, kikaushe, kisha eleza mabadiliko uliyoyaona.

Onyo: Usifanye zoezi hili kwa ganda la risasi lililookotwa. Hata likionekana tupu, fataki yake yaweza kuwa hai. Liache lilipo, ukatoe taarifa polisi. Kung'aa ni habari ya uso tu. Uzima wa chuma umo ndani.