Tuuze shamba tukatafute seli shina?

Swali: Mdogo wangu alianguka mtini mwaka jana akaumia uti wa mgongo, miguu imekufa ganzi. Tumeambiwa kuna hospitali nje ya nchi inapandikiza seli shina na mtu anatembea. Tuuze shamba la kahawa? – Msomaji, Kyerwa.

Jibu: Msiuze, ndugu yangu. Tiba hiyo, pamoja na nyingine za kupandikiza seli, bado iko kwenye majaribio. Mwaka 2012, huko Wrocław, Poland, mwanamume aliyepooza, Darek Fidyka, alipandikizwa seli zake mwenyewe za neva ya harufu, akaja kutembea kwa fremu baada ya mazoezi mazito ya miezi mingi. Huyo ni mmoja. Machi 2025 Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kilitangaza matokeo ya wagonjwa 4 waliopandikizwa seli zilizotokana na seli shina: wawili walipata nafuu ya kuonekana. Lakini hao walipandikizwa wiki chache tu baada ya ajali. Mdogo wako ameshavuka muda huo.

Anayewadai mamilioni na kuwaahidi kupona, mkimbieni. Jaribio la kweli kwa kawaida halimuuzii mgonjwa tiba.

Kwa sasa kazi yenu ni matunzo: miongoni mwa vinavyoua wagonjwa hawa ni vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo. Akiwa kitandani, mgeuzeni kila baada ya saa 2, hata usiku. Kila asubuhi kagueni kitako na visigino: wekundu usiopotea ukibonyezwa ni kidonda kinachoanza. Mkojo ukiwa na ukungu na homa ikapanda, mpelekeni hospitali ya Nyakahanga siku hiyohiyo, na hapo ulizieni mazoezi ya viungo na rufaa ya hospitali ya Bugando au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).