SOMO KWA MAKATIBU: NANI AFUNGUE FOLDA YA KATIBU?

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Zamani daftari la chama lilikaa kabatini, na ufunguo alikuwa nao katibu. Siku hizi, katika vyama vyenye kompyuta zilizounganishwa, hesabu huwekwa katika kompyuta kuu, yaani seva, ambamo kila mtumishi ana folda yake. Kabati limebadilika, suala la ufunguo limebaki lile lile.

Tuchukue mfano. Katibu wa chama cha msingi wilayani Kibondo ameugua, naye amelazwa Kasulu. Wakulima wa maharage wanangoja malipo, na orodha ya mizani imo katika folda yake. Msimamizi wa kompyuta anajaribu kuifungua, anaambiwa hana ruhusa. Hiyo si hitilafu. Folda yaweza kuundwa ili mtumiaji awe na haki ya peke yake, hata msimamizi akafungiwa nje.

Hata hivyo msimamizi anao uwezo wa kujitwalia umiliki wa folda. Katika Windows, akifanya hivyo, aghalabu huulizwa kama ruhusa za awali ziondolewe na zake ziwekwe. Akikubali kwa pupa, malipo yatatoka, lakini katibu akirudi atakuta amefungiwa nje ya kazi yake mwenyewe. Tena, akijimilikisha na faili zote zilizomo, jina la mwenye faili litakuwa limebadilika. Mkaguzi atakapouliza orodha ilikuwa mikononi mwa nani, alama mojawapo itakuwa imepotea.

Kwa hiyo hapana budi kufuata utaratibu huu:

1. Ruhusa zipangwe mapema katika folda mama. Kundi la wasimamizi lipewe ruhusa huko juu, na folda zote za ndani zirithi. Kila mtumishi aongezewe ruhusa katika folda yake tu, wala asione ya mwenzake.

2. Dharura ikitokea, mwenyekiti atoe idhini kwa maandishi: tarehe, sababu, na faili inayotakiwa.

3. Msimamizi akishajitwalia umiliki, aongeze ruhusa za kundi lake pasipo kumnyima katibu ruhusa yake. Kisha amrudishie katibu umiliki siku hiyo hiyo.

4. Katibu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe, isifutwe, mpaka makabidhiano yakamilike. Akaunti mpya, hata ikipewa jina lile lile, kompyuta huiona kuwa ya mtu mwingine.

5. Akaunti ya usimamizi isitumike kwa kazi za kila siku.

Wanachama nao wakumbuke kwamba uwezo wa kufungua si haki ya kusoma. Ndani ya folda hizo yamo majina, namba za simu na madeni ya wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakitaka chama kuzilinda. Msimamizi ni mlinzi wa ghala. Hakupewa ufunguo ili apime gunia la kila mtu.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa bodi:

(a) Katibu wetu akiugua leo, nani atafungua folda yake, na kwa idhini ya nani?

(b) Mara ya mwisho ilipofunguliwa, iliandikwa wapi?

Chama kisichoweza kujibu swali la kwanza kitachelewesha malipo ya mkulima. Kisichoweza kujibu la pili kitapoteza imani yake.